Bonyeza Ukucha, Uhesabu

Wanangu, kabla sijaanza hadithi, kila mmoja atazame kidole gumba chake. Bonyezeni ukucha kwa kidole kingine mpaka rangi yake ipauke, kisha achieni. Mmeona? Rangi imerudi kabla hamjamaliza kusema "moja". Damu ilisukumwa pembeni, ikarudi mbio, kwa kuwa moyo unaisukuma vizuri na mishipa inaipitisha.

Sasa mfikirieni mtoto wa miaka miwili aliyeletwa hospitali usiku mgongoni kwa mama yake. Kichwa kinachemka kwa homa, lakini miguu ni ya baridi kama sakafu ya saruji alfajiri. Daktari anabonyeza ukucha wake, anaachia, anahesabu: moja, mbili, tatu. Ukucha bado umepauka. Hapo daktari anajua kwamba damu haifiki inakotakiwa kufika, na kwamba usiku huo halali mtu.

Hadithi yangu inawahusu watoto wa namna hiyo, na ni ya kweli. Ilitokea kati ya mwaka 2009 na 2011 katika hospitali sita: moja Kilifi nchini Kenya, moja Muheza nchini Tanzania, na nne nchini Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watafiti waliupa utafiti huo jina la FEAST. Nawasimulia kwa sababu ulilipindua jambo ambalo madaktari wengi waliliamini kwa moyo wote.

Jambo lililoonekana wazi

Mmea ukinyauka, tunaumwagilia maji. Mtoto akiwa na homa kali na damu yake haizunguki sawasawa, fikra ya kwanza ni hiyo hiyo: mtundikie dripu, mmiminie maji mengi upesi, mishipa ijae, damu itembee. Vitabu vya udaktari vilifundisha hivyo, na katika hospitali kubwa za nchi tajiri ndivyo walivyofanya. Katika hospitali nyingi za kwetu maji hayo ya haraka hayakuwa desturi. Kwa hiyo wengi waliona kwamba watoto wetu wanapunjwa tiba nzuri.

Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliamua kulipima jambo hilo. Walitaka kujua kama maji ya haraka yanaokoa, na kama yanaokoa, ni yapi yaliyo bora: maji ya chumvi ya kawaida ya dripu, au maji yenye albumini, ambayo ni protini itokanayo na damu na bei yake ni kubwa.

Lakini mtapimaje? Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, nanyi mnaujua tayari kutoka uwanjani.

Mkicheza chandimu, mkamwachia nahodha mmoja achague wachezaji wote anaowataka, atawachukua wenye mbio, wenye vifua na kipa hodari. Wengine watabaki wale wadogo na yule mwenye kidonda mguuni. Nahodha huyo akishinda mabao saba kwa bila, kisha akawaambia, "Mmeona? Jezi nyekundu ndiyo iliyotupa ushindi," mtamcheka. Mnajua ushindi haukutoka kwenye jezi. Ulitoka kwenye mgawanyo.

Na daktari ni binadamu. Akiachiwa achague nani apate tiba mpya na nani asipate, moyo wake utachagua hata bila yeye kujua. Pengine atawapa walio hoi zaidi, kwa huruma. Pengine atawapa wenye dalili ya kupona, kwa matumaini. Mwishoni hatutajua kama tulichokipima ni dawa au ni mgawanyo.

Dawa ya tatizo hilo ni kura. Katika hospitali zile sita ziliwekwa bahasha zilizofungwa, zisizopenyeza mwanga, zimepangwa kwa namba. Mtoto akifika na dalili zinazotakiwa, daktari alichukua bahasha iliyofuata kwenye mpangilio. Hakuruka hata moja wala hakurudi nyuma. Aliichana, na ndani mlikuwa na jibu. Mtoto wa kwanza angepata maji ya chumvi kwa haraka. Mwingine angepata maji ya albumini kwa haraka. Mwingine asingemiminiwa maji ya haraka hata kidogo, ila yale ya polepole ya kumshikilia.

Mtaniuliza, "Je, huyo wa tatu aliachwa tu?" La hasha. Watoto wote walipata dawa za kuua bakteria, dawa ya malaria kwa aliyekuwa nayo, hewa ya oksijeni na kuongezewa damu kwa waliohitaji. Walilazwa wodi moja, wakaangaliwa na wauguzi wale wale. Kilichotofautiana kilikuwa kile kilichoandikwa ndani ya bahasha. Kwa mtoto wa kilo kumi, maji ya haraka yalikuwa mililita 200 hadi 400 ndani ya saa moja.

Na wazazi je? Mama ambaye mtoto wake anapigania roho hawezi kusoma kurasa nyingi za maelezo. Kwa hiyo pale ilipolazimu, mzazi aliulizwa kwanza kwa maneno machache kama anakubali. Baadaye, hali ilipotulia, akaelezwa kwa kirefu na kuombwa ridhaa ya maandishi.

Hesabu iliyowashtua wakubwa

Palikuwa na kamati ya wataalamu waliokaa pembeni ya kazi ya wodini. Wajibu wao ulikuwa kuchungulia hesabu mara kwa mara na kupaza sauti wakiona hatari. Utafiti ulipangwa ufikie watoto 3,600. Mnamo Januari 2011, kabla idadi hiyo haijatimia, kamati ilisema: simamisheni.

Walihesabu watoto 3,141, na swali lilikuwa moja: baada ya saa 48, nani yu hai? Katika waliopata maji ya albumini, watoto 1,050, walikuwa wamefariki 111. Katika waliopata maji ya chumvi, watoto 1,047, walikuwa wamefariki 110. Na katika wale 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, walikuwa wamefariki 76. Kwa asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3.

Someni tena namba hizo polepole. Tiba iliyodhaniwa kuwa mkombozi ndiyo iliyopoteza watoto zaidi, na maji ya bei kubwa hayakuwa na nafuu kuliko ya bei ndogo. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka, walikufa kiasi cha watatu zaidi kuliko wenzao.

Kwa nini madaktari hawakuliona hilo kwa macho yao miaka yote? Hebu mfikirieni daktari mwema aliyewatibu watoto 100 kwa maji ya haraka. Kati yao 89 wanapona. Anawaona wakirudi nyumbani wakiwa wameshika ndizi mkononi, wanampungia. Anashukuru dripu yake. Kama asingewapa maji yale, wangepona 93 hivi, naye angewapungia vile vile. Wale watoto watatu au wanne wa katikati hana namna ya kuwatambua. Hawakuvaa alama yoyote. Kila mmoja wao alionekana kama mtoto aliyezidiwa na ugonjwa. Jicho la mtu mmoja, hata liwe na huruma kiasi gani, haliwezi kuona tofauti ya namna hiyo. Huonekana pale tu wengi wanapohesabiwa, na kura ikiwa imewagawa kwa haki.

Baadaye watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za kila mtoto kutafuta sababu. Wengi walidhani maji yalijaa kwenye mapafu au kwenye ubongo. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha jambo jingine: vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mishipa ya damu kushindwa kazi. Na mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani liliandika katika mwongozo wake kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri, asiye na dalili zote za mshtuko kamili, asipewe maji ya haraka ya mshipani.

Hapa niwaonye, ili msije mkabeba hadithi yangu mkaipeleka siko. Watoto wanaoharisha na kutapika hawakuhusishwa katika utafiti ule. Anayeharisha anapoteza maji na anahitaji kurudishiwa, kwa maji ya chumvichumvi ya kunywa nyumbani, na kwa dripu hospitalini akizidiwa. Jibu la utafiti ni la wale waliopimwa.

Karatasi ya Ifakara

Sasa tutoke wodi ya watoto, twende chumba cha upasuaji. Ifakara ni mji ulio katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, penye mashamba ya mpunga. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hospitali moja ya mji huo iliungana na nyingine saba kutoka London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Zilijaribu kitu kidogo mno: orodha ya mambo 19 kwenye karatasi.

Walitakiwa kusimama mara tatu. Kwanza, kabla mgonjwa hajalazwa usingizi: huyu ni nani, na anapasuliwa wapi? Pili, kabla kisu hakijagusa ngozi: kila aliyemo chumbani aseme jina lake na kazi yake, na ihakikishwe kwamba dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa kwa wakati. Tatu, kabla mgonjwa hajatoka: vitambaa na sindano vihesabiwe, isije ikawa kimoja kimesahaulika tumboni.

Walihesabu wagonjwa 3,733 kabla ya karatasi na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Daktari wa upasuaji Atul Gawande na wenzake walitangaza matokeo hayo mwaka 2009, na karatasi ikasambaa duniani.

Lakini ninyi mmeshajua habari ya chandimu, basi ulizeni: kura ilipigwa? Haikupigwa. Walilinganisha jana na leo. Huenda kati ya jana na leo yalibadilika na mengine. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walitoa hesabu za hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha kama hiyo. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ndogo ambayo ingeweza kuwa bahati tu. Wataalamu walijadiliana sana. Wengine walisema kutia alama kwenye visanduku si sawa na kusimama, kutazamana na kusemezana. Nami nawaachia hilo mlitafakari, maana hata daftari la shule mnaweza kulitia alama zote za vema bila kuelewa somo.

Nusu lita juu ya kanga

Hadithi ya tatu inahitaji kanga kuukuu, na ruhusa ya mama. Jazeni chupa ya maji ya nusu lita, mtie rangi ya rosela. Ikunjeni kanga, iwekeni kwenye sinia, kisha mmoja wenu amimine sehemu ya yale maji bila wengine kuona. Halafu wengine waje wakisie: yamemwagika kiasi gani? Andikeni makisio ya kila mmoja kabla ya kutazama chupa.

Mtaona jinsi jicho linavyodanganywa na kitambaa. Kitambaa hunywa, huficha, hutandaza. Na mchezo huo ndio mtihani aliokuwa nao mkunga kila siku.

Mama akishajifungua, pale kondo la nyuma liliposhikilia hubaki kama kidonda kibichi. Mji wa mimba ukijikaza barabara, mishipa hubanwa na damu hukoma. Ukilegea, damu hububujika. Ikifika nusu lita, ile ile ya chupa yenu, ni hatari. Duniani kote akina mama wapatao milioni 14 hupatwa na tatizo hilo kila mwaka, na takriban 70,000 hufariki. Mkunga alikuwa akitazama shuka na kukisia, na makisio mara nyingi huwa pungufu. Alipogundua kwamba damu imezidi, muda ulikuwa umekwisha kwenda.

Ukaja utafiti uitwao E-MOTIVE, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kitu chake kikuu kilikuwa shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama, lenye mfuko kama wa faneli unaoning'inia ukingoni mwa kitanda. Mfuko huo una mistari, kama ile ya jagi la kupimia. Damu ikifika mstari wa mililita 300, mkunga anakuwa macho na kumchunguza mama kwa makini. Ikifika 500, anaanza tiba bila kungoja mtu.

Na tiba yenyewe ilifungwa pamoja kama kuni za mtu mmoja. Zamani walijaribu moja, wakasubiri, wakajaribu ya pili, wakasubiri. Sasa yote yalifuatana papo hapo: kuchua tumbo ili mji wa mimba ujikaze, dawa ya kuukaza, dawa ya kusaidia damu kuganda iitwayo asidi ya traneksamiki, maji ya mshipani, kisha kuchunguza inakotoka damu na kuita msaada.

Mnaona kwamba maji ya mshipani yamerudi? Kwa mama anayevuja damu yamo katika tiba. Kwa mtoto mwenye homa kali yalileta madhara yalipomiminwa haraka. Maji ni yale yale, wagonjwa ndio tofauti. Ndiyo maana kila wodi lazima ihesabu watu wake.

Safari hii kura haikupigiwa mama mmoja mmoja. Ilipigiwa hospitali, kwa sababu mkunga akishafundishwa jambo kwa mama wa asubuhi hawezi kulisahau kwa mama wa jioni. Waliozaa kwa njia ya kawaida na kuhesabiwa walikuwa zaidi ya 210,000. Matokeo yalitangazwa Mei 2023. Katika hospitali zilizopata shuka na mafunzo, tatizo la kutokwa damu liligunduliwa kwa akina mama 93 katika kila 100 waliokuwa nalo. Kwingine waligunduliwa 51 tu. Waliopatwa na janga lenyewe, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufariki kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 upande wa shuka, na asilimia 4.3 upande wa pili. Kabla ya mwaka kwisha, Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupima damu ya uzazi na kutumia tiba hiyo kwa pamoja.

Mkiambiwa dawa inaponya

Mtakua, na mtaambiwa mengi. Kuna atakayewatumia ujumbe kwenye simu kwamba mzizi fulani unamaliza kisukari, na kuna atakayewauzia kidonge cha akili. Msimtukane, wala msimwamini upesi. Mwulizeni kwa adabu: walihesabiwa wangapi? Walilinganishwa na akina nani? Nani aliwagawa, ni kura au ni nahodha? Na wale ambao hawakupona, waliandikwa wapi? Anayejua jambo lake hatachukia kuulizwa.

Swali hilo la mwisho ndilo lililo karibu na moyo wangu. Jumlisheni wenyewe: 111, 110 na 76. Ni watoto 297. Kila mmoja alikuwa na jina aliloitwa akiwa anatambaa, na mama aliyerudi nyumbani na kanga tupu mgongoni. Wangeweza kufa bila dunia kujua lolote, kama walivyokufa wengi kabla yao. Lakini waliandikwa, kila mmoja katika kundi lake, kwa ukweli, hata ukweli ulipowaumbua wakubwa na vitabu vyao. Kwa kuwa waliandikwa, wapo watoto leo wanaokimbia kwenda shule ambao daktari wao alijizuia kufungua dripu kwa kasi.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Siku moja huenda ukampeleka mdogo wako hospitali usiku, ukamwona nesi anarekebisha dripu ili idondoke taratibu, tone kwa tone, nawe roho inakwenda mbio ukitamani ayamimine yote kwa pamoja. Kabla hujamlaumu, mtazame atakachofanya. Atakishika kidole gumba cha mdogo wako, atakibonyeza ukucha, atauachia, na midomo yake itahesabu kimyakimya. Hesabu naye.